Kitanda cha Juu, Karibu na Kiyoyozi

Jambo la kwanza ambalo Everlyn aliliona kwa Resty ni namna alivyokaa kitini. Mtu angesema hakukaa, aliazima tu ukingo wa kiti. Mgongo aliunyosha, magoti aliyabana, na mkono mmoja aliushikiza kwenye kiti kama mtu anayengoja kuitwa. Ilikuwa asubuhi ya mafunzo katika hoteli moja ya Al Mankhool, Dubai, na wafanyakazi wapya wa usafi wa vyumba walikuwa wamejimwaga ukumbini, wengine wamevua viatu, wengine wanasinzia. Resty peke yake alikuwa tayari kusimama.

Everlyn aliijua namna ile ya kukaa. Nyumbani kwao ni Sirisia, upande wa Bungoma, karibu na mpaka, na wasichana waliovuka mto Lwakhakha kutoka Uganda kuja kufanya kazi katika nyumba za watu walikaa hivyo hivyo. Walikula wakiwa wamekaa hivyo, na hata saa ya kutazama taarifa ya habari hawakuegemea. Kwa hiyo alimsogelea yule mgeni, akamuuliza kama aliwahi kufanya kazi ya nyumba.

"Nairobi, dada. Buruburu," Resty alijibu. "Nilikaa huko miaka mingi."

"Na kwenu ni Uganda?"

"Ni ng'ambo, ndiyo."

Everlyn akatosheka na jibu hilo. Hakuuliza ng'ambo ya wapi. Kwake Mganda alikuwa Mganda, na alipomsikia baadaye akizungumza Kiganda na wenzake kwenye korido za hoteli, akaona ameshamjua vya kutosha.

Huko kwao watu huhama kama wanaopanda ngazi. Wa Uganda huvuka mpaka kwenda kupalilia mahindi ya Wakenya na kulea watoto wao. Wa Sirisia hupanda basi la Nairobi. Wa Nairobi, akipata pasipoti na wakala mwenye huruma, hupanda ndege kuja Dubai. Mara nyingi hutangulia msichana mmoja, wa umri ule ambao wenzake wanaolewa. Akishasimama kwa miguu yake humvuta mdogo wake, mdogo humvuta binamu, na baada ya miaka michache kijiji kizima kina kona yake ughaibuni. Everlyn alifundishwa hayo chuoni Eldoret aliposomea diploma ya utalii, lakini hakuhitaji mwalimu. Mama yake aliajiri wasichana wa ng'ambo mmoja baada ya mwingine, na kila aliyeondoka kwenda kuolewa alimleta mwenzake ashike ufagio. Mwalimu alisahau kusema jambo moja tu, kwamba ngazi hiyo ikifika Dubai inakatika. Huku, aliyekuwa juu na aliyekuwa chini hupewa yunifomu ya rangi moja na kulala kwenye dabodeka moja, kitanda cha ghorofa.

Chumba cha Everlyn kilikuwa Karama, juu ya mkahawa mdogo wa chai na samosa, na kilikuwa na dabodeka mbili, watu wanne. Fleti aliikodi Wahid, Mbengali mpole aliyekaa chumba cha mbele na kukodisha vitanda vya vyumba vingine. Wahid hakupenda watu asiowajua, kwa hiyo aliwaachia wanawake wa chumba kile wachaguane wenyewe, nao walikuwa na desturi yao. Vitanda vya chini vilikuwa vya wakongwe. Mgeni alianza juu, karibu na kiyoyozi, baridi ikimpiga utosini mpaka asubuhi. Mmoja wa chini akihama, mkongwe wa juu alishuka, na siku hiyo ya kushuka ndiyo alipata haki ya kumvuta mtu wa kulala pale alipotoka. Haki hiyo ilitumika mara moja tu. Tena aliyevutwa alihesabiwa kuwa mtu wa yule aliyemvuta. Mvutaji ndiye aliyekwenda kumpokea, akamwonyesha metro, akamtandikia kitanda usiku wa kwanza. Na mgeni naye alimpikia mvutaji wake chai ya asubuhi mpaka azoee mji. Hata miaka ikipita ungesikia chumbani, "Huyu ni mtu wa Wanjiku," kama vile watu wanavyotaja ukoo.

Everlyn mwenyewe alikuwa mtu wa Wanjiku. Wanjiku aliporudi Kenya kuolewa, Everlyn alishuka, na haki yake ikafika. Mdogo wake, Nanjala, alikuwa bado sekondari. Wakati huo Resty alikuwa akilala Satwa kwenye kitanda cha kupokezana: mwenzake akitoka kazini, yeye anaamka ampishe. Everlyn akamvuta. Aliona raha kufanya hivyo, raha ya mtu aliyempa hausigeli kanga nzuri. Alimpokea Resty kituoni Burjuman, akambebea begi dogo akamwachia kubwa, na njia nzima akamweleza namna Wakenya wanavyoishi humo ndani, asije akawaaibisha.

Kwa miezi kadhaa mambo yalikwenda alivyopenda. Resty alimwita "dada Everlyn" ingawa yeye ndiye mkubwa kwa umri, alimpikia chai, na chumbani alikaa kwenye ukingo wa ndoo ya nguo. Kisha polepole akaanza kupendwa.

Everlyn hakuweza kusema siku yenyewe. Labda ilianza kwa rolex, zile chapati za kukunjiwa mayai ambazo Resty alizipika siku za mapumziko. Linus, mlinzi Mkisii wa fleti ya mkabala, alikuwa na mazoea ya kupita kumwuliza Everlyn kama kuna chapati. Siku moja aligonga mlango, Everlyn akamfungulia akiwa amejipaka mafuta na kujifunga leso mpya, na Linus akachungulia juu ya bega lake akauliza, "Resty yupo?" Everlyn akamwambia ameoga anavaa. Hakuwa ameoga wala hakuwa anavaa. Alikuwa jikoni anakata vitunguu. Linus akarudi kwao, na Everlyn akafunga mlango akiwa na furaha fupi, chungu kama dawa ya malaria.

Kisha ikaja habari ya hoteli. Siku hizi wageni wa hoteli huandika maoni yao mtandaoni, na mgeni akimtaja mfanyakazi kwa jina, jina hilo husomwa mbele ya watu wote kwenye kikao cha asubuhi. Madam Shahad, msimamizi wa vyumba, alisoma kwa sauti ya kutangaza washindi. Resty amefanya hivi, Resty ana tabasamu, tumempenda sana Resty. Jina la Everlyn lilisomwa mara moja, tena limekosewa likawa la mwanamume.

Asubuhi moja Madam Shahad alisoma maoni ya mgeni aliyesifu chumba kilivyong'aa na taulo zilivyokunjwa umbo la bata, akamshukuru Resty. Chumba kile alikisafisha Everlyn. Bata wale aliwakunja Everlyn. Resty alichofanya ni kukutana na mgeni mlangoni akamsalimu. Everlyn aliinua macho amwone mwizi anavyopokea makofi, lakini Resty akainua mkono.

"Samahani, madam. Chumba hicho ni cha dada Everlyn. Mimi nilipita tu."

"Mashallah, mkweli pia," alisema Madam Shahad, na makofi yakawa makubwa zaidi, na yote yakamwendea Resty. Everlyn aliona afadhali angeibiwa.

Katika muda huohuo mwenzao wa kitanda cha juu cha pili aliitwa kazini Qatar. Hapakuwa na aliyeshuka, kwa hiyo chumba kizima kilitakiwa kukubaliana mtu, na Wakenya hawakuwa na mtu tayari. Resty akamtaja Daphine. Daphine akaja na kicheko chake cha kujaza chumba, na Kiganda kikaanza kuvuka hewani kutoka kitanda cha juu hadi kitanda cha juu, kama nguo zinazoanikwa juu ya kichwa cha Everlyn. Ugali ukapungua jikoni, matoke na mchuzi wa karanga vikaongezeka. Ivy, Mkenya mwenzake aliyekuwa kitanda cha chini karibu na dirisha, hakujali. Alikula matoke akajifunza hata kuwatania kwa Kiganda. Everlyn alimwona msaliti.

Hapo ndipo habari mbili zilipokuja karibu karibu. Ya kwanza ilitoka nyumbani: Nanjala amepata kazi ya kuhudumia mezani katika mkahawa mmoja wa Karama yenyewe, viza imetoka, ila mwajiri hatoi malazi. Mama yao alisema wazi kwamba hatampandisha ndege mtoto wake aende kulala na watu asiowajua. Ama alale chumba kimoja na dada yake, ama arudi kwenye banda la mama akauze nyanya. Habari ya pili ilikuwa ya Ivy, aliyepata kazi ya kulea watoto kwenye nyumba moja ya Rashidiya, pamoja na chumba cha kulala. Kitanda cha chini karibu na dirisha kingebaki wazi.

Ungedhani hizo ni habari njema, moja imeandaliwa kwa ajili ya nyingine. Lakini wa kushuka alikuwa Resty. Na wa kuvuta alikuwa Resty.

Kila mtu alimjua atakayevutwa. Angella, rafiki wa Resty aliyebanana na watu Deira, alianza kuja kila siku ya mapumziko. Alipanda kitanda cha juu kukijaribu, akasema kiyoyozi kinamwelekea vizuri, akacheka. Siku moja aliondoka akaacha taulo lake limening'inia kwenye chuma cha kitanda, la waridi, lenye maua. Everlyn alilitazama taulo lile kila asubuhi alipoamka, na kila asubuhi lilikuwa limezidi kuwa la waridi.

Angeweza kuomba. Ivy alimwambia hivyo huku akikunja nguo zake: "Muulize tu, Eve. Resty si mtu mbaya."

"Nimuulize mimi? Mimi ndiye nilimleta humu ndani."

"Basi hata rahisi zaidi."

Haikuwa rahisi. Everlyn alijaribu mara mbili, mara moja kwenye basi la wafanyakazi na mara moja jikoni, na mara zote mbili aliishia kuzungumzia zamu. Badala ya kuomba, alimpigia mama yake simu.

Alikuwa na mazoea ya kumpigia jioni, akiwa amelala chali kitandani, simu imewekwa kifuani kwa sauti ya juu. Walizungumza Kibukusu, lugha ya kwao, na humo chumbani Kibukusu kilikuwa ukuta wake. Ivy alikuwa Mkamba. Wale wengine walikuwa Waganda. Basi Everlyn alisema yote. Kwa miezi mingi alimweleza mama yake habari za Resty huku Resty mwenyewe akipiga pasi yunifomu hatua chache kutoka pale: jinsi anavyojipendekeza kwa madam, jinsi anavyochekacheka na Linus, jinsi chapati zake zinavyonuka mafuta. Sasa akaongeza habari ya kitanda.

"Mayi, hebu nielewe," alimwambia mama yake jioni moja. "Huyu alikuwa akifua chupi za watu Buruburu. Leo ndiye mwenye kitanda, na mimi ndiye wa kumpigia magoti? Angekuwa kwetu angeomba ruhusa hata ya kufungua friji."

Mama yake alicheka kidogo kisha akasema maneno ya kumtuliza. Pasi ilisimama. Kisha ikaendelea, polepole, juu ya kola.

Ivy akahama. Kitanda cha dirishani kikavuliwa shuka, na Resty akasema atashuka mwisho wa wiki, akishamaliza kuosha godoro. Jioni ile Everlyn alikuwa bafuni, nywele zimejaa povu, aliposikia simu yake ikilia chumbani. Ikakatika, ikalia tena, ikakatika, ikalia tena. Mama yake hakuwa mtu wa kupiga mara tatu bila sababu. Alijimwagia maji haraka, akajifunga kitenge, akatoka huku povu likimtiririkia sikioni.

Alichokikuta chumbani kilimsimamisha mlangoni. Resty alikuwa amekaa kwenye kitanda cha dirishani, simu ya Everlyn mkononi, anacheka. Na sauti ya mama yake ilikuwa ikicheka upande wa pili. Resty akasema kitu, mama akajibu, Resty akauliza, mama akapiga kelele ya furaha kama aliyekutana na mtu sokoni. Ilimchukua Everlyn muda kutambua kilichomshtua. Alikuwa anaelewa kila neno. Matamshi ya Resty yalipinda kidogo hapa na pale, kama mtu anayeimba wimbo uleule kwa sauti ya pili, lakini ilikuwa lugha yao. Kimasaba. Lugha pacha ya Kibukusu, ya Wagisu wa ng'ambo ya mto, ambao bibi yake Everlyn alipenda kuwaita ndugu zetu waliochelewa kuvuka.

"Mama, huyu hapa ametoka kuoga," Resty alisema, akamnyoshea simu.

"Everlyn!" Mama yake alikuwa akihema kwa kicheko. "Nimepiga kukuuliza tu tarehe ya Nanjala, napokelewa na salamu ya mulembe. Mulembe ya nyumbani kabisa! Mbona hukuniambia mna mtu wetu humo ndani? Anatoka Bubulo. Bubulo, mtoto! Shangazi yangu ameolewa huko. Unajua ni nani? Mwite dada, umesikia? Huyo ni dada yako mkubwa."

Everlyn akasema ndiyo mayi, nitakupigia, akakata simu. Mama yake hakujua. Kwa jinsi alivyofurahi, hakuwa amekumbuka kwamba mtu wao wa Bubulo ndiye yuleyule aliyesengenywa kila jioni; kwenye simu zile Everlyn hakuwahi kumtaja kwa jina, alimwita yule wa ng'ambo.

Daphine alikuwa zamu ya jioni. Everlyn alihisi uso wake unawaka, lakini ukweli usemwe, aibu haikuwa ya kwanza kufika. Kilichotangulia ni wivu, ule ule. Mama yake hakuwahi kumchekea yeye hivyo kwenye simu, sauti ile ya kupaa. Everlyn alimpa Resty kitanda, Linus akajipeleka, hoteli ikajipeleka, na sasa hata mama.

Kisha aibu ikafika.

"Ulikuwa unasikia," alisema.

"Tangu siku ya kwanza," Resty alijibu.

"Yote?"

"Hata ya mafuta ya chapati." Resty alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Dada, mimi nimefanya kazi kwenye nyumba za watu. Watu husema mbele ya hausigeli kama mtu anavyosema mbele ya kabati. Nimezoea."

"Lakini ungeniambia. Ungesema tu neno moja ningenyamaza."

"Ndiyo maana sikusema."

Everlyn hakuelewa, kwa hiyo Resty akamfafanulia. Alisema kwamba mama yake mwenyewe alifariki akiwa yeye Buruburu, na mwajiri hakumpa ruhusa ya kwenda kuzika. Tangu hapo hakuna anayempigia simu kwa lugha ile. Daphine ni Mganda wa kabila, Angella Mnyankole, nao huongea Kiganda kwa sababu ndicho wanachokutana nacho. Halafu akaja chumba hiki, na jioni ya kwanza akasikia kutoka kitanda cha chini mtu akisema mayi, mayi, akilalamika kuwa viatu vimembana.

"Nilijua siku utakayojua, utaenda kupigia simu kwenye ngazi," alisema. "Matusi yenyewe niliyaacha yapite. Mengine yalikuwa ya kuchekesha. Lakini kulikuwa na jioni nilikuonea wivu mpaka nikashindwa kumeza chakula."

"Wewe? Unionee mimi wivu?"

"Una mtu wa kumpigia simu ukanisengenya."

Everlyn alitaka kucheka na hakuweza. Alitafuta pa kukaa, akakaa kwenye kitanda chake, povu limeanza kukauka shingoni. Alijua ni wakati gani huu, na alijua kwamba ukipita hautarudi, na kwamba dada yake angeishia nyuma ya meza ya nyanya Sirisia kwa sababu mtu mmoja Karama ana kichwa kigumu.

"Kuhusu kitanda," alianza kwa Kiswahili.

"Hapana," alisema Resty. "Ukiwa unanisema unatumia lugha yetu. Ukiniomba, tumia hiyo hiyo."

Basi Everlyn akaomba kwa Kibukusu. Lugha ile ilimvua nguo. Kwa Kiswahili angeomba kama mfanyakazi anayeomba kubadilishana zamu; kwa Kibukusu hakuna namna ya kumwomba mtu mkubwa bila kumwita mkubwa. Alimwita dada. Alisema Nanjala ni mdogo, ni mwoga wa giza, anakoroma kidogo, hana mtu mwingine. Alisema nakuomba. Alipomaliza aliona kwamba Resty ameegemea ukuta, miguu ameikunjia juu ya godoro tupu, ametulia kama mwenye nyumba. Na yeye mwenyewe alikuwa amekaa ukingoni kabisa mwa kitanda, magoti amebana, mkono mmoja umeshika chuma.

"Nimesikia," alisema Resty, kwa lugha ile ile. "Angella naye ni mtu. Ngoja nifikirie."

Alifikiria siku kadhaa, na Everlyn hakuthubutu kumwuliza. Alimtazama tu. Alimtazama akisomwa jina hotelini, akashangaa kuona wivu uko palepale, haujapungua hata kidogo, ila sasa ulikuwa na haya. Alimkunjia Resty bata wa taulo kwenye vyumba vyake viwili bila kuombwa, kisha akajichukia kwa kujipendekeza. Kila asubuhi alilitazama taulo la waridi.

Asubuhi moja halikuwepo.

Resty alikuwa jikoni. Alisema bila kugeuka kwamba Angella amepata nafasi Deira kwa wenzake wa Mbarara, amenuna, lakini yatamwisha. Kisha akageuka na mwiko mkononi.

"Mlete mdogo wako. Lakini desturi ni desturi. Ninayeshuka ni mimi, anayevuta ni mimi. Nanjala ni mtu wangu."

"Ni dada yangu," alisema Everlyn.

"Ni dada yako. Na ni mtu wangu. Chai ya asubuhi ni yangu." Macho yake yalicheka, lakini hakuwa anatania, na Everlyn alilijua hilo. "Umekubali ama nimwite Angella kabla hajamaliza kununa?"

Everlyn akakubali.

Alidhani akishakubali atapumzika. Kumbe ndiyo kwanza moto umepata kuni. Mama yao alichukua namba ya Resty, akawa anampigia Resty kwanza, kwa sababu Resty alipokea haraka na alikuwa na maswali kuhusu shangazi wa Bubulo. Nanjala naye akaanza kumtumia Resty ujumbe wa sauti: abebe nini, avae nini kwenye ndege, kweli kuna joto la kuyeyusha viatu? Resty aliusikiliza ujumbe ule amelala kwenye kitanda cha dirishani, sauti ya juu, simu kifuani. Everlyn aliyasikia majibu ya maswali ambayo dada yake wa damu hakumwuliza yeye. Mara moja alijibu kutoka kitanda chake, kwa sauti, kwamba viatu haviyeyuki. Resty akainua simu ili Nanjala asikie, na Nanjala akasema, "Ah, Eve, upo?"

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, na ndege ilikuwa ya alasiri. Wahid alikuwa amefunga balbu mpya juu ya kitanda cha juu, baada ya Resty kumwambia kwamba mgeni anaogopa giza. Everlyn ndiye aliyesema habari hiyo ya giza, kwa Kibukusu, siku ya kuomba, na sasa ilikuwa imegeuka wema wa Resty.

Walipanda metro Burjuman wakashuka kiwanja cha ndege, wamekaa bega kwa bega bila kusema mengi. Resty alibeba mfuko wenye rolex iliyofungwa karatasi ya fedha na sweta lake la kijivu, lile la kukabili kiyoyozi, ambalo kila mtu chumbani aliwahi kuliazima. Everlyn alikuwa na mkoba mkubwa kuliko kawaida. Ndani yake mlikuwa na sweta jipya, jekundu, alilolinunua Karama jana yake baada ya kuliona la kijivu likifuliwa. Hakuwa amemwambia mtu.

Mbele ya milango ya waliowasili palikuwa na kamba ya kuzuia watu, na Everlyn akapata nafasi mbele kabisa, katikati. Resty alisimama hatua moja nyuma yake, kama ilivyokuwa zamani. Everlyn alihesabu hilo kuwa ushindi mpaka alipogundua kwamba Resty ni mrefu, na kwamba atakayetoka mlangoni atauona uso wa Resty pia, juu ya bega lake, pale pale Linus alipochungulia siku ile.

"Sogea hapa," Everlyn alisema mwishowe, akimpisha kidogo. Akatafuta neno lingine, hakulipata, akaongeza, "Dada."

Resty akasogea. Wakasimama sambamba, mikono juu ya kamba ileile. Ubaoni ndege ya Nairobi ilionyesha kuwa imetua. Milango ilifunguka, wakatoka wanaume wenye mabegi ya magurudumu, ikafungwa. Ikafunguka, ikatoka familia yenye mtoto anayelia, ikafungwa.

"Akiniita mimi kwanza," alisema Resty kwa lugha yao, akitazama mbele, "usinune mpaka Karama."

"Hatakuita wewe kwanza. Nilimbeba mgongoni huyo."

"Tutaona."

Everlyn aliingiza mkono kwenye mkoba akalishika sweta jekundu, tayari kulitoa. Nyuma ya kioo cha milango kivuli cha msichana mwembamba kilisimama, kikageuka huku na huku, kikanyanyua begi. Milango ikaanza kufunguka, na wote wawili, kwa pamoja, wakainuka kwenye ncha za vidole.